Nyumba ya Dola Moja, Ukuta wa Miaka Mia

Mwaka 1973 jiji la Baltimore, katika jimbo la Maryland huko Marekani, lilianza kuuza nyumba za matofali kwa dola moja. Hazikuwa vibanda. Zilikuwa nyumba za ghorofa zilizoshikana bega kwa bega mtaa mzima, kuta za matofali ya kuchoma, nyingine zikiwa na ngazi za marumaru nyeupe mbele ya mlango. Zilikuwa tupu, na serikali ya jiji chini ya meya William Donald Schaefer haikuwa na la kuzifanyia. Sharti lilikuwa mnunuzi aitengeneze nyumba na ahamie yeye mwenyewe. Katika mtaa wa Otterbein, karibu na bandari, waombaji walizidi nyumba, ikabidi ichezwe bahati nasibu. Leo ukipita Otterbein huwezi kuamini kwamba kuna mtu aliwahi kupata nyumba pale kwa bei ya soda.

Mwaka 2024 jiji hilohilo likairudia habari. Lilitenga nyumba zake mia mbili na kitu, likatangaza kwamba mkazi atakayekwenda kuishi humo atauziwa kwa dola 1. Safari hii sharti liliandikwa kwa tarakimu: mnunuzi aoneshe kwamba anazo dola 90,000 za matengenezo, ziwe taslimu au mkopo ulioidhinishwa, na akubali kukaa humo miaka 5. Kwa masharti hayo bei ya nyumba imegeuka ada ya fomu. Nyumba yenyewe unainunua kwa mwashi, kwa fundi bomba na kwa fundi umeme.

Swali la kununua nyumba ya namna hii limewafikia wasemaji wa Kiswahili kwa njia ya kawaida kabisa. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao walifika wakizungumza Kiswahili. Wengi walipelekwa kwenye miji ambako kodi ya pango si ya kuua, na katika mashariki na kati ya Marekani miji ya kodi nafuu mara nyingi ndiyo miji ya nyumba kuukuu. Sasa watoto wamekua, baba ana kazi ya kudumu ghalani, mama anafanya zamu hospitalini, na wamechoka kumlipia mwenye nyumba mkopo wake. Dalali anawaonesha nyumba ya matofali ya mwaka 1905 kwa bei ya gari jipya. Mtu aliyekulia mahali ambapo kuezua nyasi na kujenga kwa tofali ndiko kufika kwenyewe hawezi kuiangalia nyumba hiyo kwa macho makavu.

Niseme msimamo wangu mapema. Umri wa nyumba hizi haunitishi. Ninachokiogopa ni matengenezo ya miaka hamsini iliyopita, na jirani aliyehama.

Tuanze na sababu ya bei kuwa chini, maana asiyeijua atadhani amepata bahati. Mwaka 1950 Baltimore ilikuwa na watu 949,708. Sensa ya 2020 ilihesabu 585,708. St. Louis, mji mwingine wa matofali, katika jimbo la Missouri, ulishuka kutoka watu 856,796 hadi 301,578 katika miaka hiyohiyo. Watu walihama, matofali yakabaki. Lakini hesabu hizo peke yake hazisemi ni nyumba zipi zilizobaki tupu, na hapo bahati haikuhusika. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyomzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye weupe wengi, na mweupe kuhamia wenye weusi wengi. Mahakama Kuu ya Marekani ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1917, katika kesi iliyotoka Louisville. Kilichofuata kilifanyika kimyakimya, kwenye madawati ya mabenki. Katika miaka ya 1930 ramani za wakopeshaji ziliipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi na ya wahamiaji maskini, na FHA, idara ya serikali kuu iliyoanzishwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, ikaipa mitaa hiyo mgongo. Nyumba isiyokopesheka haibadilishiwi paa kwa wakati. Paa likivuja miaka kumi, boriti zinaoza; boriti zikioza, mpangaji anaondoka. Kwa hiyo ukikuta nyumba mbili za mjenzi mmoja, za mwaka mmoja, moja ikiuzwa mara kumi ya nyingine, tofauti yao haikuanzia kwenye matofali.

St. Louis inastahili maelezo yake yenyewe, kwa kuwa pale tofali lilikuwa tasnia. Tarehe 17 Mei 1849 moto ulianzia kwenye meli ya mvuke iliyoitwa White Cloud, ukateketeza sehemu kubwa ya mji kando ya mto Mississippi. Baada ya hapo sheria ikataka majengo ya matofali au mawe. Kumbe chini ya mji wenyewe mlikuwa na udongo mzuri wa kufinyangia. Kampuni ya Hydraulic-Press Brick ilizaliwa hapo ikiwa na mashine za kushindilia udongo kwa nguvu kubwa, ikapata tofali lenye uso laini na pembe kali, na ilipofika mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa matofali duniani. Ndiyo maana hata nyumba ya kibarua wa St. Louis ina nakshi za matofali juu ya madirisha, kazi ambayo leo tajiri angeilipia kwa kuguna.

Matofali hayo yana wapenzi hadi leo, wakiwemo wezi. Kusini, katika miji kama Houston na New Orleans, wapo wajenzi wanaotaka nyumba mpya yenye sura ya uzee, na tofali kuukuu la St. Louis lina soko. Wezi hufunga kamba ya chuma kwenye ukuta wa nyumba tupu, wakauvuta kwa gari. Wengine wameiwasha nyumba moto kwanza, kwa kuwa maji ya mabomba ya zimamoto hulegeza viungo na matofali huachana yakiwa safi. Ukinunua nyumba upande wa kaskazini wa mji ule na kuiacha miezi sita huku ukitafuta pesa, ukuta wa nyuma unaweza kukutangulia kufika Texas.

Twende kwenye ukuta wenyewe. Kuta za zama hizo zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824, ilianza kuenea Marekani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na kwa muda mrefu ilichanganywa kidogokidogo tu kwenye chokaa. Aliyelelewa Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu ataelewa upesi kinachofuata. Ukuta wa chokaa hauzuii maji; huyapokea na kuyatoa. Mvua ikipiga, tofali linakunywa kidogo. Jua likitoka, unyevu unatafuta pa kutokea, na njia nyepesi ni kwenye kiungo, ile chokaa iliyo kati ya tofali na tofali, kwa sababu ni laini kuliko tofali na ina vitundu vingi zaidi. Kiungo ndicho kinacholika. Baada ya miaka hamsini au themanini unakikwangua na kuweka kipya, na tofali linaendelea na maisha yake.

Sasa njoo na saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la mwaka 1890 na haipitishi maji kirahisi. Ukijaza viungo kwa saruji, ule unyevu uliokuwa ukitokea kwenye kiungo unalazimika kutokea kwenye uso wa tofali. Baltimore na St. Louis zina baridi ya kugandisha: maji yakiwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakigandia nyuma ya uso wa tofali huusukuma mpaka ubanduke. Uso wa tofali la kuchoma ni ngozi iliyoivia motoni. Ukishatoka, kilichobaki ndani ni udongo laini unaomeng'enyeka kwa kidole. Utaiona kazi hiyo kwenye nyumba nyingi: mistari ya saruji ya kijivu imesimama imara kama fremu tupu, na matofali yamerudi ndani. Mwashi aliyefanya hivyo alidhani anaiimarisha nyumba. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, National Park Service, imechapisha mwongozo juu ya jambo hili moja tu, ikisisitiza kwamba mchanganyiko mpya uwe laini kuliko tofali na ufanane na ule wa zamani, na kwamba kiungo kikwanguliwe kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wake. Mwongozo huo ni bure. Wasioufuata ni wengi.

Unguja hakuna barafu, lakini chumvi ya bahari hufanya kazi ileile. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, chumvi hujikusanya nyuma yake, na siku lipu inapodondoka huondoka na mawe. Mafundi wa kule waliozoea kuizima chokaa shimoni na kuiacha iive kwa miezi hawana haja ya kusomewa hili kwenye kitabu. Kinachonishangaza ni kwamba maarifa haya, ambayo pwani yetu tunayahesabu kuwa ya kizamani, huko Baltimore ni utaalamu adimu wa kulipiwa kwa saa, na vijana waashi wa huko husomeshwa upya kile ambacho babu wa fundi wa Shangani, Unguja, alikijua.

Saruji ina ndugu zake. Mwaka 1937 mfanyabiashara wa Baltimore, Albert Knight, alipata hataza ya Formstone, lipu ya rangi iliyofinyangwa ionekane kama mawe ya kuchonga. Wauzaji walipita mlango kwa mlango wakiahidi kwamba mwenye nyumba hatapaka rangi tena. Ahadi hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa matofali mengi ya nyumba za bei nafuu yalikuwa laini, yakihitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Mitaa mizima ikavaa mawe ya bandia. Nyuma yake kuna wavu wa chuma uliopigiliwa misumari kwenye matofali, na unyevu uliokosa njia. Wapo wanaoibandua kwa furaha siku ya kwanza ya kumiliki nyumba. Ningewashauri kwanza wafungue kipande kidogo pembeni, waone kuna nini, maana mara nyingine matofali yaliyoko ndani hayawezi tena kusimama uchi. Na katika miaka ya 1970, wakati mapenzi ya nyumba za kale yalipopamba moto, watu waliondoa rangi kwa kurusha mchanga kwa mashine ya hewa. Rangi ilitoka, na ile ngozi ya tofali ikatoka nayo. Nyumba hizo ziliharibiwa na wapenzi wake.

Kwa hiyo kuikagua nyumba ya matofali ni kusoma njia za maji na mikono iliyopita. Siku nzuri ya kwenda ni siku ya mvua, hata kama dalali atanung'unika. Tazama mfereji wa paa na bomba la kushusha maji: ukuta ulio nyuma ya bomba bovu huwa na mchirizi wa kijani, na viungo vyake vimekuwa mchanga mtupu. Tazama juu ya paa, pale ambapo ukuta unapita kimo cha paa na pale dohani inapotokea, kwani maji hupenda pembe hizo. Shuka besimenti. Unga mweupe ukutani ni chumvi iliyoletwa na maji. Ukikuta ukuta wa chini umepakwa karibuni rangi nzito ya kuzuia maji wakati nyumba yote iliyobaki haijapakwa chochote, jiulize kilichokuwa kinafichwa. Kisha zunguka uchochoro wa nyuma. Wajenzi waliweka matofali bora mbele, yenye viungo vyembamba kama uzi, na nyuma wakaweka yale yaliyokuwa mbali na moto wa tanuu, rangi ya waridi iliyofifia, laini. Mbele ya nyumba ni uso wa harusi. Nyuma ndiko ilikoishi.

Ufa haunitishi moja kwa moja. Ufa wa ngazi unaopanda kwenye viungo, mkavu, wa zamani, wenye vumbi, unaweza kuwa umelala tangu wakati wa Rais Truman. Wa kuogopa ni ukuta uliofura tumbo: tabaka la nje la matofali limeachana na la ndani. Kuta hizi ni za tabaka mbili au tatu, zilizofungwa kwa matofali yaliyolazwa kukatisha, na vifungo hivyo vikikatika tabaka la nje hubaki limesimama kwa mazoea. Nyota za chuma utakazoziona kwenye kuta za Baltimore si mapambo, ingawa sasa zinauzwa madukani kama mapambo. Ni vichwa vya vyuma vinavyoushikilia ukuta kwenye boriti za ndani. Nyota zilizojipanga kwa mstari kwenye kimo cha sakafu huenda ziliwekwa tangu mwanzo. Zilizotawanyika bila mpango zinaonesha kwamba kuna mtu aliwahi kuogopa.

Tarehe 16 Mei 2025 kimbunga aina ya tonado kilipita kaskazini mwa St. Louis na kuharibu maelfu ya majengo, katika mitaa ya watu weusi kama ile niliyoitaja. Picha zilionesha kuta nzima za matofali zimelala barabarani na vyumba vya ghorofani vikiwa wazi, kitanda kimetandikwa. Matofali yasiyo na nondo ni hodari kubeba mzigo unaoshuka, lakini hayapendi kusukumwa kwa ubavu, na viungo vilivyokwisha kuwa mchanga havishiki chochote. Miongoni mwa waliopoteza kuta walikuwemo wasio na bima.

Sasa jirani. Katika nyumba zilizoshikana, ukuta wa pembeni si wako peke yako. Boriti zako zimeingia ndani yake kutoka upande huu na za jirani kutoka upande ule, katika nyumba yenye upana wa futi 12 hadi 16. Paa lake likianguka, mvua inaingia kichwani mwa ukuta mnaochangia, na unyevu unakuja kuonekana kwenye sebule yako uliyoipaka rangi jana. Mwaka 2024 Baltimore ilikuwa na majengo matupu karibu 13,000. Tarehe 24 Januari 2022 nyumba tupu kwenye mtaa wa South Stricker iliporomoka wakati wa moto na kuua wazima moto watatu. Mtu anayenunua nyumba katikati ya mbili tupu amenunua nyumba tatu, na mbili kati yake hana ufunguo. Jiji lina utaratibu wa kuiomba mahakama iteue msimamizi wa kuipiga mnada nyumba iliyotelekezwa, na huwa unafanya kazi, lakini kwa mwendo wa mahakama, na mvua haisubiri tarehe ya kesi. Hili kwangu ndilo linaloamua. Nyumba mbovu yenye majirani wawili wanaoishi kwao ni bora kuliko nzima yenye majirani waliohama.

Upande wa karatasi una mitego yake, na Baltimore ina mmoja ambao mgeni hawezi kuukisia. Nyumba nyingi ziliuzwa bila ardhi: unamiliki jengo, lakini ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi kila mwaka chini ya mkataba wa miaka 99 unaojirudia. Kiasi chenyewe ni kidogo, mara nyingi chini ya dola 150 kwa mwaka, na udogo huo ndio hatari yake, kwa sababu watu waliisahau. Mwaka 2006 gazeti la Baltimore Sun lilifichua jinsi wenye ardhi walivyokuwa wakiwapeleka watu mahakamani na kuwanyang'anya nyumba kwa deni la dola chache. Mwaka 2007 Maryland ilipiga marufuku kuanzisha kodi mpya za namna hiyo kwenye nyumba za kuishi na kulazimisha zilizopo zisajiliwe. Za zamani bado zipo. Habari njema ni kwamba nyingi zinakomboleka: kwa mikataba ya karne ya 20 ya kabla ya Julai 1982, unaigawanya kodi ya mwaka kwa asilimia 6, yaani kodi ya dola 96 inaondoka kwa dola 1,600. Huo ni ununuzi ambao ningeufanya kabla ya kununua hata ndoo ya chokaa.

Watu huogopa pia neno historia likiandikwa kwenye nyumba, wakidhani serikali itawazuia kupigilia msumari. Hapa pana mkanganyiko wa kudumu. Rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyotokana na sheria ya 1966, haimzuii mwenye nyumba anayetumia pesa zake kufanya atakalo. Kinachozuia ni sheria ya mji. Katika mitaa ya kihistoria ya Baltimore, kamati iitwayo CHAP, iliyoanzishwa 1964, lazima iidhinishe mabadiliko ya nje: madirisha, milango, kuta, hata rangi ya ukuta wa mbele. Ndani hawakufuati. Dirisha la plastiki lililopachikwa bila kibali linaweza kuamriwa litolewe. Kwa upande wa pili wa mizani kuna fedha. Maryland humrudishia mwenye nyumba asilimia 20 ya gharama zinazokubalika za ukarabati kwa njia ya kodi ya mapato, na Baltimore kwa muda mrefu imetoa nafuu ya miaka 10 kwenye kodi ya jengo inayoongezeka kutokana na matengenezo. Missouri tangu 1998 hurudisha asilimia 25 ya gharama za nyumba zilizo kwenye maeneo yaliyosajiliwa. Ile asilimia 20 ya serikali kuu ni kwa majengo ya kuingiza kipato tu. Ukiishi mwenyewe haikuhusu. Katika yote haya kuna sharti moja linalowaangusha wengi: maombi hupelekwa kabla ya kazi kuanza. Ukishavunja ndipo ukaomba, umechelewa.

Lakini nafuu ya kodi huja baadaye, na fundi anataka pesa Ijumaa. Mkopo wa kawaida wa nyumba hautolewi kwa nyumba isiyo na jiko wala choo. Ndiyo sababu upo mkopo wa FHA uitwao 203(k), unaounganisha bei ya nyumba na gharama ya matengenezo katika deni moja, kwa malipo ya mwanzo ya kuanzia asilimia 3.5. Ni mkopo mzuri wenye makaratasi mengi: mkandarasi hulipwa kwa awamu baada ya ukaguzi, na wakandarasi wazuri wenye kazi nyingi hawapendi kusubiri. Tatizo lenye mizizi zaidi ni kwamba benki hukopesha kulingana na thamani ya nyumba ikishakamilika, na thamani hiyo hupimwa kwa nyumba za mtaa uleule. Kama mtaa ulidharauliwa kwa miaka themanini, nyumba iliyotengenezwa vizuri itapimwa chini ya kilichotumika kuitengeneza. Tofauti hiyo anaibeba mnunuzi mfukoni. Zile ramani za miaka ya 1930 bado zinadai kodi yake hapo, na ndiyo sababu zile dola 90,000 za sharti la jiji zinawapita watu ambao mpango wenyewe ulisemwa kuwa ni wa kwao.

Kwa familia yenye watoto wadogo kuna jambo ambalo haliingii kwenye majadiliano ya bei hata kidogo. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978; Baltimore yenyewe iliikataza kwa kuta za ndani mapema zaidi, 1951. Nyumba ya mwaka 1905 ina tabaka za rangi hiyo kwenye fremu za madirisha, na kila dirisha linapopandishwa na kushushwa hutoa vumbi. Vumbi hilo huharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya kuonekana kwa macho. Muuzaji wa nyumba ya kabla ya 1978 analazimika kisheria kusema anachokijua. Wengi husema hawajui. Asiwepo mtoto ndani wakati fremu zinakwanguliwa, hata kwa siku moja, hata kama mjomba anasema yeye amekuwa mpaka rangi miaka ishirini. Mpimeni mtoto damu kabla na baada.

Nikirudi kwenye uchaguzi wenyewe: baina ya nyumba chafu ambayo mzee mmoja ameishi miaka arobaini bila kubadilisha chochote, na ile iliyong'arishwa miezi mitatu iliyopita na mtu aliyeinunua mnadani ili aiuze, ningeichukua chafu. Kwenye chafu naona kila kitu: nyaya kuukuu, mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, dari lenye ramani za maji. Naweza kuyapigia hesabu. Kwenye iliyong'arishwa, ukuta wa matofali umeachwa wazi sebuleni kwa urembo baada ya kung'olewa lipu yake, viungo vimejazwa saruji nyeupe safi, bafu lina vigae vya kijivu, na nyuma ya ubao wa jasi hakuna anayejua kuna nini. Bei yake imeongezeka kwa vitu vitakavyotakiwa kuvunjwa. Kabla ya kusaini nyumba ya aina hiyo, mlipe mtu apitishe kamera kwenye bomba la maji machafu mpaka barabarani, kwa kuwa mabomba ya udongo wa kuchoma huingiliwa na mizizi ya miti, na ni mtengenezaji-wa-kuuza mmoja kati ya wengi anayetumia pesa mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Mpangilio wa kazi baada ya kununua hauna ubishi mkubwa kati ya wanaozijua nyumba hizi. Paa, mifereji na mabomba ya kushusha maji huja kwanza, hata kama familia italala kwenye magodoro sakafuni, kisha ukuta, kisha nyaya na mabomba, na jiko la kifahari mwisho. Ukuta una kalenda yake. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, na ikipatwa na barafu kabla haijakomaa huwa unga. Anayepokea funguo mwezi Oktoba hatagusa viungo mpaka Aprili. Majira ya baridi atayatumia kutafuta mwashi atakayekubali kukwangua kwa patasi na nyundo badala ya msumeno wa umeme, na kumpelekea kipande cha chokaa ya zamani kutoka ukuta wa nyuma ili mchanga wake ulinganishwe kwa rangi na kwa chembe.